Maziwa ya Wifi

Mshonaji na wifi yake waliishi nyumba moja. Walijifungua mwezi mmoja pia.

Mtoto wa wifi alinawiri. Mtoto wa mshonaji alishika titi, akaliachia, akalia. Mama yake alikuwa na nguo za wateja. Basi alimpa chupa ya maziwa ya kopo, akarudi kwenye cherehani.

Kila alipomwona wifi na blauzi iliyolowa maziwa, roho ilimuuma.

"Wenzetu mna bahati," alimwambia siku moja. "Yanamwagika tu."

"Si bahati, wifi."

"Basi kuna dawa unakunywa, unanificha."

Wifi aliinuka, akaenda kumnyonyesha mwanawe. Tangu siku hiyo mshonaji hakumsalimia. Hata mtoto wa wifi akimchekea, aligeuza uso.

Mkunga wa mtaani alikuja kuchukua gauni lake. Alimkuta mshonaji analia.

"Maziwa yangu yanakauka, mama. Wifi kapewa yote."

"Mwanao ananyonya lini?"

"Asubuhi na usiku. Mchana ana chupa."

"Hapo ndipo penyewe. Titi si mtungi, ukaujaza ukangoja. Mtoto akinyonya, mwili unaambiwa: tengeneza mengine. Titi likikaa limejaa, mwili unaambiwa: punguza. Mwisho huacha kabisa."

"Na wifi anakunywa nini?"

"Anamnyonyesha mwanawe kutwa. Dawa ndiyo hiyo. Mpe wako titi kila anapotaka. Ukiwa mbali naye, kamua. Chupa usiikate ghafla. Ipunguze pole pole, na tumpime uzito kliniki."

Mshonaji alimlaza mtoto kando ya cherehani, akamnyonyesha kila alipotaka. Wateja walingoja. Siku za kwanza hakuona tofauti. Alimsikia mtoto wa wifi akimeza, akauma meno. Lakini hakuacha.

Asubuhi moja alisikia mwanawe naye akimeza, gu, gu, gu. Titi la pili likachuruzika, likalowesha gauni la mteja. Mshonaji akacheka peke yake. Kisha akaenda kugonga mlango wa wifi.

"Wifi, nilikuonea kijicho. Nisamehe."

"Nilijua. Macho yako yalikuwa yanachoma."

Watoto walipofika miaka miwili, wifi alianza kumwachisha wake. Alipunguza kunyonyesha kidogo kidogo. Maziwa nayo yakapungua, yakakatika bila maumivu.

Jioni moja alikaa akimtazama mtoto wa mshonaji, bado yuko titini, mkono wake shingoni kwa mama.

"Wangu siku hizi hanitafuti," alisema wifi. "Sasa ni zamu yangu kuona wivu."