Kaka Aliniambia Tunawapeleka Josho

Nina umri wa miaka ishirini na tatu, sijaolewa, naishi na wazazi wangu Kiseke, hapa Mwanza. Nina usonji. Msinionee huruma mapema, ndugu wasomaji... mkasa wenyewe hauko hapo.

Shule niliachia njiani. Kelele za darasani zilinichoma masikio, nikiyaziba walimu wanasema nina kiburi. Mtaani wakasema nina mashetani. Mashetani gani hayo yanayotaka ukimya tu?

Aliyenielewa ni kaka yangu Masanja peke yake. Baba alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, Madoa na Tulia, kwenye banda nyuma ya nyumba. Masanja ndiye aliyenifundisha kuwahudumia. Hakunifokea. Alinionyesha kazi moja, akanyamaza, akaningoja niiweze. Tena kila kitu kitakachobadilika alinieleza mapema.

"Kabula, kesho bwana mifugo atakuja kuwachoma sindano. Tulia atapiga mateke kidogo, halafu basi."

Na kweli ikawa hivyo!

Nikawa nakata majani, nakamua, nasafisha banda. Ng'ombe hawakuniuliza kwa nini siwatazami machoni. Ikafika mahali hawatoki bandani mpaka wanione mimi mbele yao.

Mwaka jana Masanja akapata mchumba huko Magu. Sisi Wasukuma mnatujua, mahari ni ng'ombe. Vikao vilifanyika sebuleni, mimi niko bandani. Nani amwite Kabula kwenye kikao?

Asubuhi moja kaka akaja bandani, akanisemesha kwa sauti yake ya upole ya siku zote.

"Kabula, leo tunawapeleka josho, wakaogeshwe dawa ya kupe. Safari hii tunatumia gari. Tangulia wewe, watakufuata."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nikapanda kwenye fuso, nikawaita kwa majina. Madoa akapanda. Tulia akasita, nikamkuna shingo, naye akapanda... Nikashuka nikavae mabuti twende wote. Gari likaondoka!

Nikawasubiri. Nikawakatia majani, nikawajazia maji. Jioni ndipo mama akasema, "Mwanangu, wale wameshafika ukweni kwa kaka yako. Tuliogopa utapiga kelele."

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Majirani wakapata la kusema.

Kaka alistahili kuoa, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyewapandisha! Wangeniambia ukweli ningelia, naam, ila ningewaaga.

Harusi ilifana, sikwenda. Masanja aliniomba radhi, baba akaniletea ndama. Ndama mzuri, hana kosa. Juzi kaka akaniambia bwana mifugo atakuja kumchanja. Nikafunga banda kwa kufuli, nikakaa na ufunguo mfukoni. Bwana mifugo alikuja kweli... akagonga, akaita, akaondoka. Ndama hakuchanjwa. Kaka alisema ukweli na mimi sikuujua!

Huo ndio upweke wangu. Naishi na watu wanaonipenda, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwamini.

Ndugu zangu wenye vijana kama mimi, wapeni mnyama wa kumtunza, wafundisheni polepole, watawashangaza. Lakini msiwadanganye kwa kuwa ni wepesi kudanganyika. Mkiamua kuuza, semeni. Mkiamua kutoa, semeni. Tutalia mbele yenu, tutapiga kelele, mtaaibika kwa majirani... lakini kesho yake mkibisha hodi, tutawafungulia.