Gauni la Kijani la Tarehe Kumi na Tisa

Kila siku ya shule, saa moja na robo asubuhi, msichana mmoja wa darasa la saba alipanda kwenye jukwaa la paredi, akakohoa mara mbili kama waziri, kisha akasoma habari za "Siku Kama ya Leo". Wanafunzi mia nne walimsikiliza, wengine macho yakiwa yamefumba. Bwenini walimwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema kabla hajaamka vizuri na aliacha muda mrefu baada ya kusinzia.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Katika stoo ya maktaba kulikuwa na magazeti ya miaka thelathini. Mwalimu wa maktaba, aliyeitwa Mwalimu Kimya kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote, hakuyapanga kwa miaka. Aliyapanga kwa siku. Magazeti ya tarehe mosi Januari, ya kila mwaka, yalifungwa kamba katika furushi moja. Ya tarehe mbili yalikuwa na furushi lao, hivyo hivyo mpaka mwisho wa Desemba. Furushi la tarehe ishirini na tisa Februari lilikuwa jembamba kama mtu aliyetoka kuugua. Ndani ya kila furushi mambo makubwa na madogo yalilala kitanda kimoja: mkataba wa amani ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kumi tangazo la dansi, matokeo ya mpira na picha ya mwigizaji akionyesha meno yake yote. Kila jioni Kasuku alitakiwa kufungua furushi la kesho na kuchagua mambo matatu: moja la historia, moja la sayansi, moja la burudani.

Jioni ya tarehe kumi na nane Juni kulikuwa na mechi ya netiboli, na Kasuku ndiye mfungaji. Furushi halikufunguliwa. Asubuhi, huku akipiga mswaki, akatunga.

"Siku kama ya leo," alisoma, "miaka ishirini na mbili iliyopita, Bendi ya Mwangwi ilipiga muziki kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa reli wa mji wa jirani. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ulikatika. Uliporudi, maikrofoni ilikuwa imesimama peke yake. Mwimbaji, msichana aliyevaa gauni la kijani, hajaonekana mpaka leo."

Hata macho yaliyofumba yalifumbuka. Kasuku alishuka jukwaani akijiona mwandishi mkubwa wa vitabu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa nne, alipopita karibu na geti.

"Wewe mtoto," mlinzi alimwita, "umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi, baba?"

"Ukumbini! Nilisimama karibu na mlango. Giza likatufunika kama blanketi. Halafu tukasikia viatu. Ko, ko, ko. Vilikwenda, havikurudi."

Kasuku alicheka, akidhani ni utani. Mlinzi hakucheka.

Saa sita, mwalimu wa hesabu, mtu asiyeelewa utani hata ukimchorea, alikuwa akifuta ubao huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, wimbo gani huo?" aliuliza Kijiko, rafiki wa Kasuku aliyelala kitanda cha juu yake.

"Si ule wa tatu, wa Bendi ya Mwangwi? Tuliuimba sana chuoni."

Kasuku aliacha kuandika. Wimbo huo haukuwahi kuwepo duniani, lakini sasa ulikuwa na sauti yake. Kufikia chakula cha mchana meza nzima ilikuwa ikiuimba chinichini. Kilichomtisha zaidi ni mguu wake mwenyewe, ambao chini ya meza ulikuwa ukiufuata bila kuambiwa.

"Acheni," alisema.

"Tuache nini? Si wewe uliyetuletea?" alijibu Kijiko, mdomo umejaa. "Hebu niambie, lile gauni lilikuwa na mikono mirefu au mifupi?"

"Mirefu," alisema Kasuku kabla hajafikiri. Akasukuma sahani yake kando. Alikuwa ameliona kabisa. Lilikuwa na vifungo vya shaba.

Baada ya masomo alikimbilia stoo ili ajihakikishie kwamba jambo hilo alilitunga kweli. Taa ya mle ilikuwa ikipepesa. Mwalimu Kimya alikuwa ameketi kwenye kigoda, furushi la tarehe kumi na tisa Juni limefunguliwa miguuni pake.

"Watu tisa wameniulizia ukurasa wako leo," alisema. "Gazeti la mwaka ule nimelipekua mara tatu. Kuna daraja lililofunguliwa, kuna mpira, kuna tangazo la sabuni. Bendi hakuna. Lakini ajabu, mwanangu, nikifumba macho naiona ile maikrofoni." Alimkazia macho. "Uliisoma wapi habari hii?"

Kasuku alifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, mlango ulisukumwa, akaingia Mama Mwiko, mpishi mkuu wa shule. Hakuwa na aproni. Alivaa viatu vya safari na mkononi alishika begi.

"Mwalimu, naomba huo ukurasa. Basi linaondoka saa kumi na moja. Nakwenda huko ukumbini kuuliza."

"Kuuliza nini, mama?"

"Habari za mdogo wangu." Aliketi juu ya furushi moja la Machi bila kuangalia. "Aliondoka nyumbani mwaka huohuo, mwezi huohuo, akasema anakwenda kuimba. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hata barua hatukupata. Mara ya mwisho nilimwona mgongo, akishuka njia ya kwetu. Miaka yote hii nimebaki na picha hiyo moja: mgongo wake, na nguo alizovaa." Sauti yake ilipungua. "Tangu asubuhi, kila nikimtazama, amevaa gauni la kijani. Zile nguo zake sizioni tena. Nimezitafuta kichwani mchana kutwa. Hazipo."

Uongo wa Kasuku ulikuwa umeingia ndani ya kichwa cha mtu, ukafungua kabati, ukamvua binti wa watu nguo zake na kumvisha nyingine. Akisema kweli, atanyang'anywa jukwaa na shule nzima itamcheka mpaka amalize darasa. Akinyamaza, Mama Mwiko atapanda basi, ashuke katika mji mgeni, amuulizie mdogo wake mahali ambapo labda hakuwahi kukanyaga.

"Mama," alisema, "nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Yote. Bendi haikuwepo. Umeme haukukatika. Gauni nililifikiria nikipiga mswaki."

Mama Mwiko hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Hata mwimbaji?"

"Hata mwimbaji, mama. Nisamehe."

"Basi nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Nguo za mdogo wangu."

Mwalimu alimuuliza Mama Mwiko, "Mliwahi kumtangaza gazetini?"

"Baba alimtangaza. Siku sikumbuki. Ilikuwa wiki kadhaa baada ya kuondoka, kabla ya mwaka kwisha."

Mwalimu Kimya alimgeukia Kasuku na kumwonyesha rafu. Kutoka tarehe ishirini Juni hadi mwisho wa Desemba kulikuwa na mafurushi mia moja tisini na tano, na kila moja lilikuwa na gazeti moja tu la mwaka ule. Kasuku alikaa chini, akafungua fundo la kwanza.

Alifanya kazi hiyo jioni nne. Alifungua, akatoa gazeti, akasoma matangazo madogo neno kwa neno, akafunga. Vidole vyake vilikuwa vyeusi na alipiga chafya mpaka Kijiko akatishia kuhama kitanda. Mara mbili alisikia kama mtu anaimba ule wimbo nyuma ya rafu. Mara zote mbili alikuwa ni yeye mwenyewe.

Jioni ya nne, katika furushi la tarehe saba Agosti, alilikuta tangazo. Lilikuwa dogo kama kiberiti. Alikimbia nalo jikoni.

"Nisomee," alisema Mama Mwiko, akijifuta mikono. "Miwani yangu imejaa mvuke."

"Anatafutwa msichana wa miaka kumi na saba," alisoma Kasuku. "Alivaa sketi ya bluu na sweta la kijivu lililochanika kiwiko cha kushoto. Anapenda kuimba. Wazazi wake wanamwomba arudi, hawana hasira."

Mama Mwiko alifumba macho.

"Kiwiko," alisema polepole. "Nilimwambia avue nimshonee. Akasema nitamchelewesha." Sufuria lilikuwa likitokota nyuma yake. "Ndiyo. Huyo hapo. Anashuka njia."

Kesho yake Kasuku alipanda jukwaani, na safari hii hakukohoa. Alisema kwamba habari ya tarehe kumi na tisa ilikuwa uongo wake mwenyewe. Paredi ilimzomea. Mlinzi alipaza sauti kutoka getini: "Lakini mimi nilikuwepo!" Kisha Kasuku, kwa ruhusa ya Mama Mwiko, akasoma lile tangazo dogo. Mazomeo yalikatika, na hakuna aliyesinzia. Baada ya hapo mwalimu mkuu alimvua kazi ya jukwaa kwa muhula mzima, naye akaona ni haki.

Jioni hiyo alikwenda jikoni kumenya viazi, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Ulidhani unaandika kwenye siku tupu," Mama Mwiko alimwambia. "Siku tupu hakuna, mwanangu. Tarehe hiyohiyo wengine wanafungua daraja, wengine wanacheza dansi, na mtu mmoja anaagana na ndugu yake. Ukitaka kusema jambo lililotokea, kwanza nenda ukalitazame. Ukikosa nafasi ya kulitazama, sema hujui. Ungesema hujui, mimi ningelala usingizi wangu."

"Ndiyo, mama." Kasuku alimenya viazi viwili kabla ya kupata ujasiri wa kuuliza. "Lile gauni limekwisha kuondoka?"

Mama Mwiko alitazama ukutani juu ya jiko, ambako alikuwa amebandika nakala ya tangazo iliyoandikwa kwa mkono wa Kasuku.

"Linarudi mara mojamoja," alisema. "Nikiliona, nasoma hapo, namvisha sweta lake."