Gauni Lililozidi Kupwaya

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na watu waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi walimlaani mwenye jengo, fundi wake, na yeyote aliyewahi kumkopesha saruji. Katikati ya zogo hilo, kwenye kona ya ghorofa ya tatu, fundi cherehani mmoja alikuwa ameketi juu ya mzigo wake wa vitambaa. Alikuwa ameziba njia nzima na anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso wa mviringo na macho ya utani, kavaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe. Lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata waliomsonya walipita wakigeuka kulitazama.

Mwanamume mrefu wa raba nyeupe na fulana ya kijivu akasimama mbele yake.

"Samahani dada. Hapa ni ngazi au ni kituo?"

"Kituo. Kaa usubiri zamu yako."

Mwanamume akakaa kweli, ngazi moja chini yake. Sasa watu ikawabidi kuwaruka wawili.

"Unakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano. Ndiko kwenye duka langu. Kama nitafika hai."

"Mimi nafundisha mazoezi ghorofa ya juu yako, ya sita. Njoo unitembelee. Baada ya muda utapanda ngazi hizi huku unaimba."

"Kunyanyua vyuma? Kaka yangu, mimi hata mkasi unanichosha."

"Kwangu hutakuta chuma hata kimoja. Nilivinyanyua ujanani, vikaniharibu kiuno, nikaviuza kwa mtu wa chuma chakavu. Siku hizi natumia sakafu, ukuta, kiti, na uzito wa mtu mwenyewe."

"Hapo sasa umepata mteja," alisema fundi. "Uzito ninao, tena wa kugawia majirani."

Mwanamume alicheka mpaka akajishika kiuno chake kibovu. Kisha akautupa mzigo wa vitambaa begani na kumpandishia mpaka dukani, akimsubiri kila kona bila kumharakisha. Jengo zima lilimwita Kocha. Yeye tangu siku hiyo alimwita mwanamke yule Fundi, na alivyolitamka neno hilo, ungedhani ni jina la malkia.

Basi Fundi alikwenda ghorofa ya sita, na si kwa sababu ya ngazi tu. Tuseme ukweli. Alikuwa ameshona magauni ya harusi ya wenzake miaka nenda rudi, akiwapima, akiwabana pini, akiwasikiliza wakichekacheka kwenye simu na wachumba zao, na yeye hakuna mlango uliowahi kubishwa hodi kwa ajili yake. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki, alizoea kusema kila mtu ana riziki yake. Riziki ya Fundi ilikuwa imechelewa sana njiani.

Ukumbi wa Kocha ulikuwa mtupu, mikeka kumi na kitu na viti vya mbao visivyofanana. Wanafunzi walichuchumaa na kuinuka, mikono imenyooka mbele. Waliusukuma ukuta kana kwamba wanataka kuuhamishia kwa jirani. Walilala kifudifudi, wakajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, mpaka matumbo yakatetemeka. Siku ya kwanza Fundi alianguka kwenye mkeka akasema aitiwe mtu wa kuandika wosia.

"Wosia andika kesho," Kocha alimwambia. "Leo bado nakudai mara tano."

"Na wewe ulivyo mzuri hivi, kumbe una roho ya mkusanya kodi."

"Umesema mimi mzuri?"

"Nimesema kodi."

Basi mambo yakaenda hivyo. Baada ya mazoezi walishuka pamoja kunywa chai, na chai ikawa ndefu. Jioni simu zikaanza. "Umefika salama, Fundi wangu?" "Nimefika." "Umekula?" "Nimekula mkate na mayai, usiniulize mangapi." Shangazi akisikia vicheko chumbani alipunguza sauti ya redio ili asikie vizuri zaidi.

Na mwili ukaanza kupungua. Mwanzoni ilikuwa kazi yao wawili kweli, jasho lake na subira ya Kocha. Fundi alipanda mpaka ghorofa ya tano bila kupumzika, na siku moja, kwa makusudi, akaimba. Lile gauni la bluu akalipunguza kiunoni. Baadaye akalipunguza tena. Kocha alimsimamisha karibu na dirisha akampiga picha, akaiweka mlangoni mwa ukumbi pamoja na ile ya siku ya kwanza. Watu waliopita wakasimama kutazama, wengi wakaingia kuuliza, na mikeka ikawa haitoshi.

"Umependeza, mpenzi wangu," Kocha alimwambia mbele ya darasa lote. "Mnamwona? Hakunyanyua hata kilo moja ya chuma. Huyu ndiye jina langu mjini."

Fundi aliinama, uso umemchoma kwa furaha. Jamani, mtu ambaye hajawahi kusifiwa, mkimsifu msimsifu kwa pupa hivyo. Atashindwa kuwaambia jambo lolote litakaloharibu.

Shangazi peke yake ndiye hakusifu. "Mwanangu, umekonda," alisema akimwekea maharage. "Shingo imekuwa nyembamba."

"Ndiyo mazoezi hayo, shangazi."

"Mazoezi gani yanayokula shingo?"

Kisha ukumbi ukafungwa ili upakwe rangi, na Kocha akawapa wanafunzi likizo. Fundi alifurahi. Hakuchuchumaa, hakusukuma ukuta. Alikaa kwenye cherehani kutwa nzima na kula kama mwashi. Likizo ilipokaribia kwisha alivaa gauni la bluu, ambalo alikuwa amelipunguza siku chache kabla ya kufungwa, akajitazama kwenye kioo cha wateja. Lilikuwa linampwaya.

Alichukua utepe akajipima. Alikuwa amepima watu maisha yake yote, na aliujua mwili unavyokwenda. Mwili wa mtu anayekula na kukaa haupungui. Alijipima tena polepole, akakaa chini. Akakumbuka maumivu ya tumbo aliyokuwa akiyaita uchovu, na usingizi uliokuwa ukimchukua mchana kweupe akiwa na kitambaa mkononi.

Mtu wa kwanza aliyempigia alikuwa Kocha.

"Mpenzi," alisema, "mbona nazidi kupungua? Sijafanya zoezi hata moja."

Kocha alicheka kwa raha. Nyuma yake zilisikika sauti za wapaka rangi. "Ndiyo uzuri wa njia yangu huo. Mwili ukishaelewa, unajiendesha wenyewe. Nitawaambia wanafunzi wakirudi."

Fundi alishika simu akingoja swali moja tu, hata la kizembe: unajisikiaje? Halikuja. Kocha akamwambia anampenda, rangi ya ukutani ni ya krimu, atamwona Jumatatu.

Hospitali alikwenda peke yake. Walimpima damu, wakampitisha kwenye mashine, wakamrudisha siku nyingine. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, mpole wa kusema lakini asiyeficha kitu. Alimweleza kuwa kuna uvimbe tumboni na umeshasambaa.

"Uzito ulianza kushuka lini?"

"Mwaka jana. Lakini nilikuwa kwenye mazoezi."

"Na maumivu?"

"Yalikuja baadaye. Nikayazoea."

"Mama, mwili unaisha hivi na wewe hukushtuka?"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Watu walikuwa wananisifu," alisema.

Daktari alivua miwani. Alisema angemwona mapema angeukata uvimbe, lakini sasa wangempa dawa za kupunguza maumivu na kumwongezea siku. Zingekuwa ngapi, hakusema. Fundi naye hakuuliza.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Alifikiri hivi: nikimwambia Kocha, itabidi ile picha mlangoni ishuke. Watu watasema alikuwa anamfundisha maiti. Watamkimbia wote, na hana kazi nyingine wala kiuno cha kubebea zege. Na chini kabisa ya fikra hiyo ilikuwepo nyingine, hiyo ndiyo iliyomuuma hasa. Kocha alikuwa ameupenda mwili uliopungua. Akijua kilichoupunguza, atabaki kumpenda nani?

Akaacha kupokea simu. Kocha aliposhuka dukani alikuta pamefungwa. Siku ya tatu akapokea.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi njoo. Wanafunzi wanakuulizia. Hata ukuta unakuulizia."

Karibu acheke. Akajikaza. "Sitakuja tena. Nilichokuja kutafuta nimeshakipata."

"Ulikuja kutafuta nini?"

"Mwili. Si unauona? Sasa mwalimu wa nini tena?"

"Kumbe," alisema Kocha taratibu. "Nilikuwa nimemwomba mjomba wangu twende wote kwa shangazi yako mwezi ujao. Kuposa. Bora umesema mapema, asije akapoteza nauli."

Simu ikakatika. Fundi alikaa nayo sikioni kama vile bado kuna mtu anaongea, kisha akalia mpaka shangazi akaja na kumkuta sakafuni. Hakuwa na nguvu tena ya kudanganya. Akamwambia yote.

Shangazi hakulia. Alimlaza, akamfunika, akakaa kitandani kwa muda. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Umenificha mimi niliyekuosha mgongo ukiwa mtoto. Haya. Na yule wa ghorofa ya sita naye umemficha?"

"Usimwambie, shangazi. Nakuomba."

"Sawa."

Hakutimiza. Siku Fundi alipolazwa, maumivu yamezidi, shangazi, na miguu yake mibovu, alizipanda ngazi za ghorofa zote sita, akipumzika kila kona, akaingia ukumbini katikati ya zoezi. Alimtazama Kocha toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyemvika mwanangu kilemba cha ukoka," alisema. "Sasa njoo umvue mwenyewe."

Kocha alikuja mchana huohuo, saa ya kuona wagonjwa, bado kavaa fulana yenye jasho. Fundi alimwona akiingia wodini akavuta shuka mpaka kidevuni. Kocha alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, magoti yamebanana, hajui pa kuweka mikono.

"Picha nimeitoa," alisema.

"Kwa nini? Wanafunzi watakukimbia."

"Wawili wameshaondoka. Waliobaki nimewaambia ukweli. Nimewaambia na wao, mtu akipungua pasipo sababu, aende kwa daktari kabla hajaja kwangu." Akasogeza kiti karibu. "Ulinipigia simu. Ulinieleza kila kitu siku ile, na mimi nikakuambia habari ya rangi ya ukuta."

"Hukujua."

"Sikuuliza."

Fundi hakumpinga. Ilikuwa kweli, na alikuwa amechoka kupamba mambo. Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa. Kocha alijaribu kutabasamu, akatafuta ile sauti yake ya ukumbini.

"Lakini Fundi wangu, hata hapa kitandani ume..."

"Usiseme nimependeza."

Kocha akaliacha lile tabasamu.

"Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kama wewe," alisema Fundi. "Nilizipenda sifa zile mpaka nikaona afadhali nife nazo kuliko kukupigia tena na kusema naumwa. Sizitaki tena. Leo niangalie tu, halafu uniambie unachokiona."

Akalishusha shuka mwenyewe. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa, mikono imekuwa myembamba kama ya msichana wa shule, na tumbo peke yake limevimba chini ya gauni la hospitali. Kocha alitazama. Maisha yake yote alikuwa ametazama miili ya watu akitafuta la kuwatia moyo, na mara hii hakutafuta.

"Umekonda," alisema. "Umekonda vibaya. Umekwisha, mpenzi wangu. Unaumwa sana, nami naogopa." Akaweka paji la uso kwenye mkono wa Fundi na kulia kama watu wanavyolia msibani.

Fundi naye alilia, lakini ndani ya kilio chake kulikuwa na nafuu. Muda wote ule alikuwa akiisha peke yake mbele ya macho ya watu. Alimshika Kocha kichwa, akamwacha alie mpaka akatosheka.

"Naomba nikuoe," Kocha alisema bila kuinua uso.

"Unioe hivi nilivyo?"

"Hivyo hivyo ulivyo."

Fundi alitazama dirishani, kisha mlangoni, ambako shangazi alisimama akijifanya anasoma tangazo la ukutani.

"Basi fanya haraka," alisema.

Kocha alifanya haraka. Wakaoana wiki hiyohiyo, palepale wodini, mjomba wake na shangazi wakiwa mashahidi na muuguzi akiwa amesimamisha kitoroli chake. Daktari akawaruhusu kwenda nyumbani na dawa. Wakapata miezi michache. Kila asubuhi Fundi aliuliza, "Naonekanaje leo?" na kila asubuhi mumewe alimtazama vizuri na kumwambia kweli, mpaka asubuhi ambayo hakuulizwa.