Kurudia Mnazi

Sabiha aliamka amechoka. Siku hizi alilala amechoka na kuamka amechoka. Alimwambia binti yake Nada asiburute ndoo uani. Baba hataki kelele.

Watu wa Mwera walimjua Msafiri, mume wa Sabiha, kwa mambo mawili: kukwea minazi na kucheka. Mwezi uliopita aliteleza kwenye mnazi uliolowa mvua. Alianguka, akajigonga kichwa, akazimia kidogo. Alipozinduka alijikung'uta mchanga.

"Mzima mimi!" alisema.

Hakukuwa na damu wala mfupa uliovunjika. Basi hakuna aliyefikiria hospitali. Wenzake walimshukuru Mungu, kisha wakarudi kazini.

Tangu siku ile Msafiri hakuwa yule yule. Kichwa kilimuuma. Jua lilimchoma macho. Alitumwa chumvi akarudi na sabuni, na alipoulizwa, alifoka. Wengine walisema ana shetani. Wengine walisema ni uvivu tu, amepata kisingizio. Kusema ni rahisi, maana wasemaji hawakuishi naye nyumba moja. Sabiha alitaka jambo moja tu: mumewe arudi kama alivyokuwa.

Mzee Kombo, baba yake Msafiri, alikuwa na dawa yake. Yeye naye alikuwa mkwezi zamani. Katika ukoo wao, aliyeanguka alipaswa kuukwea tena mnazi ule ule, mbele ya watu, ili woga umtoke. Desturi hiyo waliiita kurudia mnazi.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa atarudia," Mzee Kombo alisema. "Nimeshawaambia watu."

"Lakini baba, jana alipepesuka akienda msalani," Sabiha alisema.

"Ndiyo woga huo, mwanangu. Woga ukiachwa, unamla mtu."

Msafiri alikuwa kivulini, amejifunika macho kwa kanga.

"Nitapanda," alisema. "Niacheni tu. Nitapanda yaishe."

Sabiha alitaka kujibu, lakini akasikia hodi.

Walikuwa wanawake wawili, viatu vyao vimejaa vumbi. Mkubwa alikuwa Daktari Huwaida, mwenyeji wa Raskazone, mjini Tanga. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ubongo wa watu walioumia kichwa. Alikuwa amewaona wengi, wa bodaboda na wa minazi, na uso wake ulionyesha hivyo. Mdogo alikuwa Nasma, binti wa Kidigo, mwanafunzi wake katika utafiti. Walikuwa wakiwatafuta walioanguka minazi, na mjumbe wa mtaa ndiye aliyewaelekeza.

"Shikamoo, mzee," walisema.

"Marahaba. Karibuni. Lakini hapa hakuna mgonjwa."

Nasma alikaa karibu na Msafiri. Alimtajia maneno machache, akazungumza naye kidogo, kisha akamwomba ayarudie yale maneno. Msafiri hakukumbuka hata moja. Aligeuza uso pembeni kwa aibu.

Nasma akawaeleza wenyeji. Alisema mtikisiko, akasema utambuzi, akasema mifumo ya fahamu. Mzee Kombo alipiga mwayo mrefu.

Daktari Huwaida alimwita mwanafunzi wake kando.

"Umeonaje?"

"Wabishi, daktari. Hawaelewi."

"Ulikuwa unamwambia nani? Wao au mimi?"

Nasma aliinamisha kichwa. "Wewe."

"Mimi mitihani yangu nimeshafanya. Rudi ukaseme nao."

Daktari alivua viatu, akakaa juu ya kigoda. Nasma aliangaza uani. Palikuwa na rundo la nazi ambazo hazijafuliwa, bado zimo kwenye makumbi. Akachukua moja.

"Mzee, nazi ikiangukia jiwe, kumbi linaonyesha nini?"

"Halionyeshi kitu."

"Na ukiifua?"

"Huenda ukakuta kifuu kimepasuka, maji yamekwisha. Kila mkwezi anajua."

"Na kichwa ni hivyo hivyo, mzee. Ngozi haikuchanika, lakini ubongo ulitikiswa ndani ya fuvu. Ubongo ndio unaokumbuka. Ndio unaotuliza hasira. Ndio unaomfanya mtu asimame asipepesuke. Mwanao si mwoga, wala si mvivu. Ameumia."

Sabiha alifuta machozi kwa upindo wa leso. Mwezi mzima alikuwa akingoja mtu aseme hivyo.

"Na akipanda kesho?" aliuliza.

"Ubongo haujapona. Akipigwa tena, hata pigo dogo, anaweza kufa."

"Uongo!" Mzee Kombo alisema kwa ukali. "Ukoo wetu umerudia minazi tangu enzi za mababu!"

Nasma alimtazama daktari. Daktari hakumsaidia. Ikabidi aulize mwenyewe, kwa sauti ndogo:

"Wote walishuka salama, mzee?"

Mzee Kombo aliitazama ile nazi.

"Mdogo wangu, Yasini, hakushuka," alisema. "Alianguka, akawa anaumwa kichwa na kutapika. Nikamwambia ni woga. Nikamlazimisha arudie. Alifika katikati, akaachia mikono. Tulisema mnazi ule una shetani, tukaukata." Alimgeukia Nasma. "Sasa unaniambia mimi ndiye niliyemuua?"

Hapo ndipo daktari aliposema.

"Hukujua, mzee. Hakuna aliyekuambia. Leo umeambiwa."

Maneno hayo hayakumpunguzia mzee uchungu. Alilia waziwazi, mbele ya mkwe wake na mjukuu wake. Hakuna aliyemkataza.

Baadaye Sabiha aliuliza, "Tufanye nini sasa?"

"Kesho mpelekeni hospitali apimwe," Nasma alisema. "Kisha apumzike. Asikwee, asiendeshe bodaboda, asibebe mzigo mzito. Alale vya kutosha, penye utulivu. Kazi airudie kidogo kidogo, na kichwa kikianza kuuma, aache."

"Na mwingine akianguka?"

"Akianguka kutoka juu, msimwinue ovyo, huenda na shingo imeumia. Alale vile vile, kichwa na shingo visigeuzwe, mkitafuta msaada. Akizimia hata kidogo, ni hospitali siku ile ile. Na mkiona anatapika tena na tena, au kichwa kinazidi kuuma, au anaongea ovyo, msingoje hata kidogo. Vile vile akilala asiamshike, mwili ukikakamaa na kutetemeka, mkono au mguu ukilegea, au damu au maji yakimtoka puani au masikioni. Hapo ni kufa na kupona."

Siku ya Ijumaa Sabiha alimpeleka mumewe hospitali. Watu walikusanyika chini ya mnazi kama walivyoambiwa. Walimkuta Mzee Kombo peke yake.

"Leo hapandi mtu," alisema. "Na katika ukoo wetu, harudii mtu tena. Anayeanguka atapelekwa hospitali."

"Mwoga kapata daktari!" mmoja alitania.

"Yasini alikuwa shujaa," Mzee Kombo alimjibu. "Mimi ndiye niliyemzika."

Hakuna aliyecheka. Waliondoka mmoja mmoja.

Hospitali walimpima Msafiri, wakamwambia yale yale: apumzike. Kupona hakukuja mbio. Wiki hii alipata nafuu, wiki iliyofuata kichwa kikamuuma tena. Mgonjwa wa namna hii hana bendeji, kwa hiyo watu hawamletei uji. Sabiha alilima, alichota maji, aliuza nazi, na bado alinyamazisha watoto wa jirani. Nasma alikuja mara kwa mara, sasa bila daktari wake, akakaa nao jamvini na kuzungumza. Mzee Kombo alimfulia mwanawe nazi. Baadaye Msafiri aliweza kufua mwenyewe, asubuhi tu, kisha analala.

Mnazini hakurudi. Daktari alimwambia labda iko siku. Yeye alisema ardhini panamtosha.

Jioni moja Sabiha alirudi shamba na mzigo wa kuni kichwani. Msafiri alikuwa amekaa kizingitini. Alimtazama mkewe kwa muda.

"Mama Nada," alisema, "mbona umekonda hivi? Umechoka, eh?"

Sabiha alisimama na kuni zake. Mwaka tangu mumewe aanguke ulikuwa unakaribia kwisha, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Nimechoka, baba Nada," alisema. "Nimechoka sana."

Msafiri aliinuka taratibu, akaupokea mzigo. Sabiha akakaa chini pale pale mlangoni, akalia. Alilia kwa uchovu, na alilia kwa furaha, maana aliyemwuliza alikuwa mumewe mwenyewe.