Memori Aliyoongezewa Bila Kuulizwa

Jumamosi ile duka la kompyuta zilizotumika lilifurika watu. Mtafiti, gauni lake la bluu limekunjamana kwa kusukumwa, alifika kaunta akaonyesha kwa kidole kompyuta kubwa kuliko zote. Ingemaliza bajeti yake nzima, na alijua.

Fundi, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa likanyooka, akamuuliza ni ya kazi gani. Mtafiti akaeleza: ana programu ya kusoma picha za eksirei za kifua, na anataka kuthibitisha kuwa inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta za bei nafuu, zile ambazo zahanati ndogo zinazimudu.

"Sasa dada, zahanati wanunue ya bei chee, wewe ununue ya benki?"

Mtafiti alicheka mwenyewe kwa aibu. Akachaguliwa ya kawaida, yenye memori ndogo, na hela iliyobaki ikanunua betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Tangu hapo Fundi akawa anapiga simu kila jioni kumjulia hali "mgonjwa wetu". Siku moja akasahau kabisa kuuliza habari za kompyuta, akauliza kama yeye amekula. Basi, mapenzi yakaanza hapo, wala hakuna aliyejifanya hajui.

Mwezi wa nne feni ikaanza kupiga kelele, Fundi akaichukua kompyuta kuisafisha. Iliporudi ilikuwa inakimbia ajabu. Mtafiti akafurahi, akaendelea kupima programu yake, wiki sita nzima. Ni msimamizi wa utafiti wake aliyeuliza kwa nini kasi imepanda ghafla katikati ya jedwali la matokeo. Mtafiti akafungua kifuniko. Palipokuwa na memori moja, palikuwa na mbili.

Jamani, alikaa chini. Vipimo vya wiki sita havikuwa vya kompyuta ya zahanati tena. Ilibaki mwezi mmoja kukabidhi matokeo, na akichelewa ufadhili wa utafiti unakatwa. Akampigia Fundi.

"Nani kakutuma uiongezee memori?"

"Nilikuona unahangaika, mpenzi. Nikatoa ya kwangu."

"Ungeniuliza."

Akakata simu. Siku tisa hakupokea. Alikuwa na hasira, na alimkumbuka mno, na hilo la pili lilimzidishia hasira.

Siku ya kumi, mchana, Fundi akabisha mlango wa maabara na bisibisi mkononi. Hakujitetea. Alisema amekosa, kwamba aliiona kompyuta, kazi yenyewe hakuiona. Akasimama kando ya meza bila kugusa chochote.

"Naomba niitoe?"

"Itoe."

Akaitoa. Kisha kila siku akitoka dukani alikuja kukaa naye, yeye akisoma sekunde, Mtafiti akiandika. Walirudia yote kwa siku kumi na nane. Jioni ya mwisho kompyuta ikajikokota vilevile ilivyojikokota mwanzoni, na wote wawili wakatabasamu kuiona inavyochelewa.

"Kuna jambo jingine," Fundi akasema, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Hili nakuuliza kabla. Utakubali nikuoe?"

Mtafiti akashika kalamu. Programu ilikuwa bado inasoma picha ya mwisho. Ikamaliza, akaandika namba, akaihakiki mara mbili, akafunga daftari.

"Nakubali," akasema. "Na nashukuru umeuliza."