DNA ya Mama Chiriku

Mama Chiriku hushona mapazia sebuleni. Mumewe ni seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba. Binti yao wanamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Mwaka jana Mama Chiriku alipasuliwa paja. Uvimbe uliotolewa ulikuwa saratani, tena ya aina adimu. Kidonda kilipopona, akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi moja simu yake iliita akiwa anaoga. Mumewe akapokea.

"Napiga kutoka kliniki ya saratani," alisema nesi. "Mwambie mama aje kesho atolewe damu. Daktari anataka kipimo cha DNA."

Simu ikakatika. Baba Chiriku akabaki ameishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua. Yeye alijua DNA moja tu: ile ya kumtafuta baba wa mtoto.

Mkewe alipotoka bafuni, mume akamuuliza, "Hospitali wanataka DNA. Ya nini?"

"Sijui."

"Hujui? Au kuna jambo unanificha?"

Mama yake Baba Chiriku, aliyekuwa anakunja nguo, akadakia, "Nilisema mimi! Pua ya mtoto huyu si ya kwetu."

Chiriku, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, alinyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Baba, kwani mimi ni wa nani?"

Baba alitaka kusema, "Wangu." Neno likamkwama. Mkewe aliliona likikwama.

"Basi siendi," alisema Mama Chiriku. "Nimekatwa paja, nimemeza dawa mpaka nimechoka, leo natafutiwa ubaya pia? Sipimwi chochote."

Kesho yake hakwenda. Nesi akapiga tena, na Baba Chiriku akapokea.

"Nesi, niambie ukweli. Mnamtafuta baba gani?"

Nesi akacheka, halafu akaacha. "Njooni wote wawili."

Mama Chiriku alikubali kwenda kusikiliza tu, na kwenye benchi la kliniki kila mmoja alikaa upande wake. Nesi akawaingiza chumbani, akafunga mlango.

"Baba, kazi yako nini?"

"Seremala."

"Ukikata mbao nyekundu, sakafuni panabaki nini?"

"Vumbi jekundu."

"Mwingine akiliona vumbi hilo, si atajua mbao gani imekatwa, hata kama mbao yenyewe haioni?"

"Atajua."

"Ndivyo ilivyo. Karibu kila seli ya mwili ina DNA. Ni maelekezo ya jinsi seli inavyofanya kazi. Seli za saratani zikifa, vipande vya DNA yao huingia kwenye damu. Vina mabadiliko ambayo DNA ya seli zenye afya haina. Tunatafuta vipande hivyo. Hatumtafuti mwanamume."

Baba Chiriku akakuna kichwa. "Kwa hiyo damu ikiwa safi, amepona?"

"Hapana. Huenda saratani ipo, ila vipande ni vichache mno kuonekana. Na saratani adimu kama hii bado tunaendelea kujifunza. Kwa hiyo kupiga picha za ndani ya mwili hatuachi."

"Sasa damu ya nini, kama haitoshi?"

"Wakati mwingine damu hutangulia kusema kabla ya picha."

Hakuelewa yote. Lakini alimgeukia mkewe. "Nisamehe. Mtoto ni wangu. Nilipaswa kusema siku ileile."

"Ulipaswa," alijibu mkewe, akakunja mkono wa gauni ili atolewe damu.

Jioni baba alimwita Chiriku karakanani. "Wewe ni wangu. Pua hiyo ni ya bibi yako mzaa mama." Chiriku akaanza kuongea, asinyamaze hadi usingizi ulipombeba.

Majibu yalipotoka, vipande vilikuwa vimeonekana.

"Lakini siumwi popote," alisema Mama Chiriku. "Paja halijavimba. Mbona sielewi?"

Daktari akaagiza picha ya kifua, kwa kuwa saratani ya aina hii mara nyingi huhamia mapafuni. Kwenye pafu palikuwa na kidoa kidogo, kidogo kuliko shanga. Kikatolewa kwa upasuaji kikiwa bado peke yake, na maabara ikathibitisha kuwa ni saratani ileile. Akaendelea na matibabu, akikonda, akilala mchana, akirudia kushona polepole.

Baada ya miezi kadhaa akatolewa damu nyingine. Siku ya majibu walikwenda pamoja.

"Safari hii hatujaona vipande," alisema nesi.

Mama Chiriku akashusha pumzi. Mumewe akasogeza kiti mbele.

"Na picha bado tunapiga?"

"Bado, baba."

"Tupangie siku," alisema. "Nitamleta mwenyewe."

Mkewe akamtazama, akamshika mkono mbele ya nesi.