Kiganja cha Udongo

Saa sita mchana Mwanabaraka alisikia ufagio wa chelewa, katika fleti iliyotandikwa zulia kila chumba. Ilikuwa mwaka 1998, naye alikuwa akimhudumia Mzee Titus, Mwingereza wa miaka themanini, huko Thamesmead. Alifunga bomba akasikiliza. Ulikuwa ufagio kweli, unafagia udongo mkavu, na harufu ya majivu yaliyolowa ilikuwa imetanda hadi jikoni.

Alipomuuliza, mzee hakushtuka. Alimweleza kwamba ujanani, akiwa askari milimani huko Bara Hindi, alipiga kambi karibu na magofu ya nyumba ya watawa wa Kibudha. Watawa walikaa pale miaka mia sita, wakisali na kunakili vitabu, mpaka vita vikawatawanya. Wanakijiji walimkataza kulala mle. Akalala, na asubuhi akaondoka na kiganja cha udongo kilichovunjika kwenye sanamu.

"Tangu siku ile sijalia," alisema. "Mke wangu alikufa asubuhi. Mchana nikala."

Asubuhi ile Mwanabaraka alikuwa amekwisha kukipangusa vumbi kiganja hicho rafuni. Jioni ile ufagio ulimtangulia nyumbani.

Wiki hiyo hiyo Najla, binti yake wa miaka kumi na miwili, alianguka ngazini akavunjika mkono. Mwanabaraka alisimama akimtazama kama mtu asomaye ratiba ya basi, akijua kwamba alipaswa kukimbia, akiungoja moyo ushtuke, na moyo haukushtuka, na nyuma yake ufagio ukawa unafagia, unafagia, taratibu, bila kuchoka.

"Mama, unaniogopesha," Najla alinong'ona kwa Kiingereza.

Walipotoka hospitali akaenda Stratford kwa Sheikh Abdulwakil. Sheikh alisoma, akampulizia maji, akauliza ni nani aliyemo. Sauti kavu ikatoka kinywani mwa Mwanabaraka.

"Watawa walipoondoka nilihamia mimi. Nafagia tu."

"Umefagia nini kwa huyu?"

"Nimemaliza."

Sheikh akaamuru kiumbe hicho kitoke, na kikatoka bila ubishi. Nyumbani ufagio haukusikika tena, wala ile harufu. Najla, mkono ukiwa kwenye plasta, alimwangukia mama yake akilia kwa furaha. Mwanabaraka alimkumbatia vile alivyofundishwa kazini kumwinua mgonjwa, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, akangoja amalize.